Florence Nightingale: Alitumika Akiwa Kitandani

Juma hili nimemtafakari Florence Nightingale. Wengi wetu tunamjua na ile taa yake tu. Lakini mimi ninayeamka mwili wote ukiuma, kuanzia shingo hadi nyayo, nimevutwa na miaka iliyofuata.

Alizaliwa 1820. Akiwa na miaka 16 aliamini Mungu amemwita amtumikie. Mwaka 1854 akaenda Uturuki na wauguzi 38 kuwahudumia askari wa Uingereza waliojeruhiwa vitani. Mwaka uliofuata, huko Crimea, homa kali ikamwangusha, nusura afe. Alirudi kwao 1856, lakini afya haikurudi. Kuanzia 1857 akawa mtu wa kulala kitandani mara kwa mara, na 1861 mgongo ukamuuma hata akashindwa kutembea.

Sasa alifanyaje? Alipima nguvu zake. Wageni aliwaona mmoja mmoja, tena kwa miadi. Nguvu zilizobaki alizitia kwenye kalamu. Shule yake ya wauguzi ilifunguliwa London 1860, na yeye, hapo kitandani, aliandika barua, akapanga hospitali, akapigania usafi na maji safi huko India. Aliishi miaka 90.

Mpendwa, tunaomba uponyaji, na tutazidi kuomba. Lakini ukimwona ndugu ameketi wakati wa sifa, usiseme hana imani. Na wewe unayeumwa, kupumzika si dhambi. Kunywa dawa ulizopewa, chagua kazi moja ya leo, uifanye kwa Bwana. Amina.