Wilhelm wa Pili: mfalme aliyebaki na kofia

Tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 1918, Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani, alivuka mpaka na kukimbilia Uholanzi. Nchi yake ilikuwa inashindwa vita. Hata Tabora ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na askari wa Kongo ya Wabelgiji tangu 1916.

Alizaliwa 1859, na mkono wake wa kushoto uliumia siku hiyo ukabaki umelemaa. Kwenye picha anauficha, mara nyingi ukiwa juu ya upanga. Pengine ndiyo maana alipenda mno sare za kijeshi, akibadilisha mara kadhaa kwa siku.

Serikali mpya ya Ujerumani, iliyokuwa na sababu nyingi za kumnyima, ilimruhusu kuchukua vitu vyake: mabehewa 59 ya treni. Humo mlikuwa sare na kofia, zikiwemo zile za ngozi zenye ncha ya chuma utosini. Jeshi alilipoteza, kofia alizitunza katika jumba lake la Doorn mpaka alipofariki, tarehe 4 mwezi wa sita 1941.

Mwaka 1945 Uholanzi ililitaifisha jumba hilo. Leo ni makumbusho. Mwenyewe amezikwa bustanini, kwani aliagiza asirudishwe Ujerumani kabla ufalme haujarudi.