Beryl Markham: Rubani aliyeijua ndege yake hadi tundu la mwisho la tangi

Kama umewahi kusafiri ile barabara ya kutoka Kibwezi kwenda Kitui kupitia Ikutha na Mutomo, basi unaijua hiyo nchi. Unavuka mto Athi, unapanda mgongo wa Yatta, halafu ni miiba na mibuyu hadi macho yachoke. Sasa jiweke juu yake, mwaka wa 1934 hivi, ndani ya kindege cha mbao na kitambaa chenye injini moja. Huna redio. Hakuna lami chini, hakuna uwanja, na injini ikikohoa huna pa kutua.

Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi ya Beryl Markham.

Wengi wanamfahamu kama yule mwanamke aliyevuka bahari ya Atlantiki peke yake. Sawa, tutafika huko. Lakini wewe kijana wa gereji, wewe unayepanga kuunda ndege nyuma ya nyumba ya wazazi pale Wote ukitumia mtambo wa gari, kuna sehemu ya maisha yake inayokuhusu zaidi: ile ya kushika spana.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902, akaletwa Kenya akiwa na miaka minne hivi. Mamake hakukaa sana, alirudi kwao akamwacha msichana na babake, Charles Clutterbuck, kwenye shamba la Njoro. Shule alisoma kidogo mno. Alikua akikimbia porini na watoto wa wafanyakazi, hasa Kibii, ambaye baadaye aliitwa arap Ruta na ambaye walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi, kwanza kwenye mazizi ya farasi na kisha kwenye ndege. Babake Kibii alikufa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Tusijidanganye hapa: mmoja wa watoto hao wawili alikua akawa rubani na mwingine akawa wa kumshikia ndege, na sababu si akili. Ilikuwa Kenya ya mkoloni.

Babake alipofilisika na kuhamia Peru, Beryl alibaki nchini, bado hajafikisha miaka ishirini, akajipatia leseni ya kufunza farasi wa mashindano. Mwaka wa 1926 farasi wake Wise Child alishinda mbio za St Leger jijini Nairobi. Jina Markham alilipata kwa ndoa yake ya pili, mwaka wa 1927.

Ndege ziliingia kupitia kwa Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1929 na mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson. Campbell Black ndiye aliyemfunza Beryl. Mwezi Mei mwaka wa 1931, Denys Finch Hatton alipanga kuruka hadi Voi kutafuta ndovu kutoka angani, akamwalika Beryl. Campbell Black alimsihi asiende. Hakwenda. Tarehe 14 Mei ndege hiyo ilianguka Voi muda mfupi baada ya kupaa, Finch Hatton akafa pamoja na Kamau, mfanyakazi wake. Mwezi uliofuata Beryl akaruka peke yake kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo hadithi inapokuwa tamu kwa wapenda mashine. Leseni ya kwanza ilimruhusu kuruka kwa raha zake tu. Ili kulipwa alihitaji ile ya daraja la B, na kwa leseni hiyo hawakuuliza tu kama unajua kupaa na kutua. Ilibidi ujue kuifungua injini, kusafisha vichujio vya mafuta na jeti za karabureta, kubadilisha plagi, na kuirudisha yote ikawaka. Ukikwama porini nani atakuja kukusaidia? Aliipata mwaka wa 1933, mwanamke wa kwanza Kenya kuwa rubani wa kibiashara. Na kumbe mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa tayari ameshairusha Avro Avian yake peke yake kutoka Nairobi hadi Uingereza!

Ndege hiyo ilikuwa na herufi VP-KAN. Siku hizo ndege za Kenya zilianza na VP-K. Hizi za leo zenye 5Y zilikuja baada ya uhuru.

Kazi ilimleta Ukambani. Aliajiriwa na wawindaji, akiwemo Bror Blixen, kuwatafutia ndovu wenye pembe kubwa katika nchi ya Makindu, Kibwezi na ng'ambo ya Athi. Akiwaona, aliandika karatasi: wako wangapi, wako upande gani, umbali upi. Karatasi iliingia kwenye mfuko wa ngozi wenye utepe wa buluu na dhahabu, rangi zake za mbio za farasi, akaudondosha juu ya kambi. Chini, wasoma nyayo kama Makula, Mkamba aliyeijua nchi hiyo kuliko ramani yoyote, ndio waliomalizia kazi. Mvua ilipofurisha mito na kambi ya Blixen kukwama, watu walifyeka vichaka wakamtengenezea kiwanja kifupi, naye akatua hapo.

Mimi binafsi sehemu hii hainipendezi. Kumtafuta ndovu kutoka angani ili auawe na tajiri aliyelipa pesa ni ushujaa wa aina gani? Hifadhi ya Tsavo ilikuja mwaka wa 1948, na leo mkulima wa Mtito Andei au Ikutha anakesha akilinda mahindi dhidi ya ndovu haohao. Lakini kama fundi, mtazame. Kila asubuhi alijua kwamba plagi moja chafu inaweza kumwacha kwenye miiba ambako hata ndege ya kumtafuta isingemwona, akingojea kiu au siafu. Ukaguzi wake haukuwa wa kumfurahisha afisa yeyote.

Sasa Atlantiki. Mwaka wa 1936 John Carbery, mlowezi tajiri na rubani wa Nyeri, alimkopesha ndege mpya aina ya Vega Gull, VP-KCC, iliyoitwa The Messenger. Iliundwa na Edgar Percival kule Gravesend, Uingereza. Ilikuwa ya mbao, injini yake ya Gipsy Six yenye silinda sita kwenye mstari mmoja. Ndege ya kawaida ya aina hiyo haingeweza kuvuka bahari, kwa hivyo iliongezewa matangi ya mafuta hadi ndani ya kibanda, pale ambapo abiria angekaa. Matangi hayo ya ziada hayakuwa na geji. Tangi likiisha, injini inazima, na wewe gizani unapapasa bomba la tangi linalofuata huku ndege ikishuka. Wacha hiyo ikae kichwani kidogo.

Jioni ya tarehe 4 Septemba alipaa kutoka Abingdon, dhidi ya upepo, akielekea New York. Tangi la kwanza liliisha katikati ya dhoruba na injini ikazima. Aliipeleka pua ya ndege chini, akapapasa, akafungua bomba, na injini ikawaka tena mawimbi yakiwa karibu mno. Alisafiri hivyo kwa zaidi ya saa 20. Tangi la mwisho ndilo lililomwangusha. Alipokuwa tayari anaiona nchi kavu ya Kanada, injini ilianza kuzima na kuwaka, kuzima na kuwaka. Ndege ililala pua kwenye kinamasi cha Baleine, kisiwa cha Cape Breton. Alitoka na jeraha kichwani. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka Uingereza kufika Amerika Kaskazini peke yake bila kutua njiani, akiruka upande huo mgumu wa upepo.

Tatizo lilikuwa nini? Mafuta yalikuwemo. Alieleza baadaye kwamba barafu iliziba njia ya hewa ya tangi hilo. Ni jambo unaloweza kulijaribu kwa mtungi wa maji: toboa tundu chini, kisha ziba mdomo wa juu. Maji yanatoka kidogo halafu yanagoma, kwa sababu hewa haingii kujaza nafasi. Tangi la ndege ni vivyo hivyo.

Ndiyo maana, siku ndege yako ya nyumbani itakapongoja ukaguzi wa mwisho, njia ya hewa ya tangi ni kati ya vitu vya mwanzo vya kuangalia. Nyigu wa matope wanapenda sana vitundu kama hivyo, na Makueni hawakosekani. Pima pia mtiririko: inua pua ya ndege kama inavyokaa ikipaa, weka mafuta kidogo, uone kama injini inapata zaidi ya inayohitaji. Pima uzito na mahali unapoegemea. Sogeza usukani kushoto uone kama bawa linatii upande huo, maana kuna watu wamepaa na nyaya zilizofungwa kinyume. Kama umeweka mtambo wa rotari wa Mazda, ule usio na pistoni wala valvu bali rota ya pembe tatu, ongeza macho kwenye rejeta na ekzosi. Ni mwepesi na haukati tamaa haraka, lakini moshi wake ni moto kuliko wa injini ya kawaida, nao huzunguka kwa kasi inayohitaji gia ya kuipunguza kabla ya kufika kwenye pangaboi. Acha vifuniko vyote wazi, mkaguzi aone ndani. Na usimpeleke mtu wa KCAA mashine ambayo wewe mwenyewe hujaweka daftari la kila ulichofunga.

Beryl hakupata muda mrefu wa kusherehekea. Tarehe 19 Septemba, wiki mbili tu baadaye, Campbell Black aliuawa Liverpool, ndege yake ikiwa bado ardhini, ilipogongwa na nyingine. Mwanafunzi alivuka bahari, mwalimu akafia uwanjani.

Kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka wa 1942, kikasahaulika. Wapo waliodai mume wake wa tatu ndiye aliyekiandika, na ubishi huo haujaisha. Alirudi Kenya, akafunza tena farasi na kushinda tena. Kitabu kilipochapishwa upya mwaka wa 1983, alikuwa bibi kizee asiye na pesa, anaishi karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, na ghafla mauzo yakaanza kumlipia bili. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na miaka 83, wiki chache kabla ya kutimia miaka 50 tangu ile jioni ya Abingdon.