Ayrton Senna

Ayrton Senna da Silva (São Paulo, 21 Machi 1960 – Bologna, 1 Mei 1994) alikuwa dereva wa mashindano ya magari kutoka nchini Brazil. Alikuwa bingwa wa dunia wa Formula One, mbio zinazojulikana kwa Kiswahili kama langalanga, mara 3: mwaka 1988, 1990 na 1991, zote akiwa na timu ya McLaren. Katika mbio 161 alizoanza alishinda 41, na mara 65 alipata nafasi ya kwanza ya kuanzia.

Anakumbukwa kwa ustadi wake wa kuendesha wakati wa mvua, kwa uhasama wake na Mfaransa Alain Prost, na kwa kifo chake katika uwanja wa Imola nchini Italia. Kifo hicho kilileta mabadiliko makubwa ya usalama katika mchezo huo.

Maisha ya awali

Senna alizaliwa katika familia yenye uwezo. Baba yake, Milton da Silva, alikuwa na kiwanda cha vipuri vya magari na mashamba; mama yake aliitwa Neide Senna. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu, baada ya dada yake Viviane na kabla ya mdogo wake Leonardo. Nyumbani walizoea kumwita Beco.

Alipokuwa na umri wa miaka 4 baba yake alimtengenezea gari dogo la mashindano, yaani karti, lililotumia injini ya mashine ya kukatia nyasi. Alianza kushindana rasmi akiwa na miaka 13 huko Interlagos, São Paulo. Katika mashindano ya dunia ya karti alimaliza wa pili mwaka 1979 na 1980.

Mwaka 1981 alihamia Uingereza ili kuendesha katika ngazi za chini za mbio za magari. Kwa kuwa jina la da Silva ni la kawaida sana nchini Brazil, aliamua kutumia jina la ukoo wa mama yake, Senna. Mwaka 1983 alikuwa bingwa wa Formula 3 ya Uingereza baada ya kushindana kwa karibu na Mwingereza Martin Brundle, na mwaka huohuo alishinda mbio za Formula 3 za Makau.

Toleman na mvua ya Monako

Senna aliingia Formula One mwaka 1984 na timu ndogo ya Toleman. Tarehe 3 Juni mwaka huo mbio za Monako zilifanyika chini ya mvua kubwa. Senna alianza katika nafasi ya 13, akawapita wenzake mmoja baada ya mwingine hadi akafika nafasi ya pili, akimkaribia haraka Alain Prost wa McLaren aliyekuwa akiongoza.

Kabla hajampita, msimamizi wa mbio, Jacky Ickx, alizisimamisha kwa sababu ya mvua. Matokeo yalihesabiwa baada ya mizunguko 31 na Prost akatangazwa mshindi. Uamuzi huo ulizua maneno, kwa kuwa Ickx alikuwa dereva wa Porsche katika mashindano mengine, na injini za McLaren zilitengenezwa na Porsche. Kwa kuwa mbio hazikufika mbali, pointi ziligawanywa nusu, na Prost alipata 4.5 badala ya 9. Mwishoni mwa msimu alikosa ubingwa kwa nusu pointi tu nyuma ya Niki Lauda. Kama mbio zingeendelea vya kutosha, hata nafasi ya pili ingempa Prost pointi 6.

Lotus

Mwaka 1985 Senna alihamia timu ya Lotus. Tarehe 21 Aprili alishinda mbio zake za kwanza za Formula One huko Estoril, Ureno, tena chini ya mvua. Kwa miaka 3 katika timu hiyo alishinda mbio 6. Hakupata ubingwa, lakini alijulikana kuwa dereva mwenye kasi kuliko wote katika mzunguko mmoja wa kutafuta nafasi ya kuanzia.

McLaren na uhasama na Alain Prost

Mwaka 1988 Senna alijiunga na McLaren, iliyokuwa ikianza kutumia injini za Honda. Mwenzake katika timu alikuwa Prost, aliyekwisha kuwa bingwa mara 2. Gari lao lilishinda mbio 15 kati ya 16 za msimu huo: Senna 8 na Prost 7. Jumla ya pointi za Prost ilikuwa kubwa zaidi, lakini kanuni za wakati huo zilihesabu matokeo 11 bora tu ya kila dereva, hivyo Senna akawa bingwa kwa pointi 90 dhidi ya 87.

Uhusiano wao uliharibika mwaka 1989 huko Imola. Madereva hao wawili walikuwa wamekubaliana kwamba atakayetangulia baada ya kuanza asipitwe na mwenzake hadi kona ya kwanza ya kufunga breki. Mbio zilisimamishwa baada ya gari la Gerhard Berger kugonga ukuta katika kona ya Tamburello na kuwaka moto. Zilipoanzishwa upya Prost alitangulia, lakini Senna akampita kabla ya kona hiyo na kushinda. Prost aliona kwamba makubaliano yamevunjwa, na tangu hapo maelewano yao yakaisha.

Suzuka 1989

Tarehe 22 Oktoba 1989 ilibidi Senna ashinde mbio za Suzuka, Japani, na zile za Australia zilizofuata ili awe bingwa. Prost alikuwa akiongoza. Katika mzunguko wa 46, Senna alijaribu kumpita kwa ndani kabla ya kona mbili zinazofuatana karibu na mwisho wa mzunguko. Prost aligeuza usukani kuelekea kona, magari yakanasana na kusimama.

Prost alishuka garini. Senna aliwaomba wasaidizi wa uwanja walisukume gari lake. Injini ikawaka, akarudi uwanjani kupitia njia ya dharura, akabadilisha sehemu ya mbele iliyovunjika, kisha akampita Alessandro Nannini wa Benetton na kufika wa kwanza. Lakini waamuzi walimwondoa katika matokeo kwa kosa la kutopita katika kona hizo wakati wa kurudi uwanjani. Ushindi ulikwenda kwa Nannini na ubingwa kwa Prost.

McLaren ilikata rufaa, lakini matokeo yakawa mabaya zaidi: Senna alitozwa faini ya dola 100,000 za Marekani na kupewa adhabu ya kufungiwa miezi 6 ambayo utekelezaji wake uliahirishwa. Senna alimlaumu waziwazi Jean-Marie Balestre, Mfaransa aliyekuwa rais wa shirikisho la FISA, kwa kumpendelea Prost. Ugomvi huo uliendelea hadi mwanzoni mwa mwaka 1990, na kwa muda haikujulikana kama angepewa leseni ya msimu mpya.

Swali la nani alikosea bado linawagawa wapenzi wa mbio. Wengine husema Prost aligeuka mapema ili kumzuia mpinzani wake. Wengine husema Senna alijaribu kupita akiwa mbali mno.

Suzuka 1990

Mwaka mmoja baadaye mambo yaligeuka. Prost alikuwa amehamia Ferrari, na safari hii Senna ndiye aliyeongoza kwa pointi. Kama Prost asingemaliza mbio, Senna angekuwa bingwa.

Senna alipata nafasi ya kwanza ya kuanzia, lakini ilikuwa upande wa uwanja wenye vumbi, ambako matairi hayashiki vizuri. Aliomba nafasi hiyo ihamishiwe upande wa pili, ombi lake likakataliwa. Tarehe 21 Oktoba Prost alianza vizuri na kutangulia. Katika kona ya kwanza Senna hakupunguza mwendo. Alimgonga kwa nyuma na magari yote mawili yakatoka uwanjani kwenye kokoto. Ubingwa ukaamuliwa kwa sekunde chache.

Mwaka 1991, baada ya kupata ubingwa wake wa tatu huko Suzuka, Senna alikiri hadharani kwamba alikuwa ameamua mapema kutomwachia Prost kona ile, kwa sababu ya yale aliyotendewa mwaka 1989. Tendo hilo ndilo linalolaumiwa zaidi katika maisha yake ya kazi, kwa kuwa kugongana kwa kasi kubwa kungeweza kuua.

Matukio mengine

Tarehe 24 Machi 1991 Senna alishinda kwa mara ya kwanza mbio za nyumbani, Interlagos. Giaboksi yake iliharibika na akamaliza akiwa amebakiwa na gia ya sita tu. Mwishoni alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa kuinua kombe bila maumivu.

Mwaka 1992, wakati wa mazoezi huko Spa, Ubelgiji, Mfaransa Érik Comas alipata ajali na kupoteza fahamu huku injini ya gari lake ikiendelea kunguruma. Senna alisimamisha gari, akakimbia uwanjani na kuizima injini hiyo ili moto usitokee.

Tarehe 11 Aprili 1993 huko Donington, Uingereza, alikuwa wa tano mwanzoni mwa mbio zilizonyeshewa mvua, na kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha alikuwa anaongoza. Mwaka huo alishinda Monako kwa mara ya sita. Huko Japani alimpiga ngumi dereva mgeni Eddie Irvine baada ya kubishana juu ya uendeshaji wake. Ushindi wake wa mwisho ulikuwa Adelaide, Australia, ambapo alimvuta Prost, aliyekuwa akistaafu, wasimame pamoja katika jukwaa la washindi.

Kifo

Mwaka 1994 Senna alihamia Williams. Mitambo ya elektroniki iliyokuwa imeisaidia timu hiyo ilipigwa marufuku, na gari lake jipya lilikuwa gumu kulidhibiti. Hakumaliza mbio mbili za kwanza.

Mbio za tatu zilikuwa Imola. Siku ya Ijumaa, 29 Aprili, Mbrazil Rubens Barrichello alipata ajali kubwa lakini akapona. Siku ya Jumamosi Roland Ratzenberger kutoka Austria aligonga ukuta na kufariki. Siku ya Jumapili, 1 Mei, magari mawili yaligongana mwanzoni na vipande vikawajeruhi watazamaji. Gari la usalama liliongoza kwa mizunguko kadhaa. Muda mfupi baada ya kuondoka kwake, katika mzunguko wa 7, gari la Senna liliacha njia katika kona ya Tamburello na kugonga ukuta wa zege. Kipande cha mkono wa gurudumu kilipenya helmeti yake. Alipelekwa kwa helikopta hospitalini Bologna, ambako kifo chake kilitangazwa jioni hiyo. Ndani ya gari lake ilikutwa bendera ya Austria. Inaaminika alikusudia kuipeperusha kwa heshima ya Ratzenberger.

Serikali ya Brazil ilitangaza siku 3 za maombolezo, na umati mkubwa sana ulijitokeza São Paulo kumuaga. Prost alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Senna alizikwa tarehe 5 Mei katika makaburi ya Morumbi.

Kesi

Waendesha mashtaka wa Italia walidai kwamba mhimili wa usukani, uliokuwa umekatwa na kuunganishwa upya kwa ombi la Senna ili apate nafasi zaidi, ulivunjika kabla ya kugonga. Timu ya Williams ilipinga. Frank Williams, Patrick Head na Adrian Newey walikuwa kati ya walioshtakiwa, na mwaka 1997 waliachiwa huru. Baada ya rufaa kadhaa, mwaka 2007 mahakama ya juu ya Italia ilikubali kwamba usukani ulivunjika kwa sababu ya marekebisho mabaya na kwamba Head alihusika, lakini muda wa kumwadhibu kisheria ulikuwa umekwisha. Hivyo hakuna aliyeadhibiwa.

Urithi

Baada ya Imola, madereva walikifufua chama chao ili kudai usalama. Mwaka 1995 ukubwa wa injini ulipunguzwa kutoka lita 3.5 hadi 3.0, na kona ya Tamburello, ambayo ukuta wake haukuweza kurudishwa nyuma kwa sababu ya mto Santerno, ilijengwa upya ili kupunguza mwendo. Mwaka 1996 kingo za sehemu anayokaa dereva ziliinuliwa ili kulinda kichwa. Hakuna dereva mwingine aliyefariki kutokana na ajali katika mbio za Grand Prix hadi Jules Bianchi, aliyeumia Suzuka mwaka 2014 na kufariki mwaka 2015.

Mwezi Novemba 1994 dada yake Viviane alianzisha Instituto Ayrton Senna, taasisi inayosaidia elimu ya watoto na vijana wa Brazil. Mwaka 2010 ilitoka filamu ya maisha yake, Senna, iliyoongozwa na Asif Kapadia.