IMAMU ABU YUSUF: KADHI ALIYEWATETEA WAFUNGWA

Bismillahir Rahmanir Rahim



Wengi wetu tukisikia neno fiqhi, akili hukimbilia kwenye udhu, swala, saumu na mirathi. Hayo ndiyo tunayoanza nayo darasani. Lakini fiqhi huingia pia gerezani, ikauliza: huyu amefungwa kwa ushahidi gani, anakula nini, na akifa nani atamzika? Mwanachuoni aliyeyaandika hayo mapema, tena akimwandikia mtawala mwenyewe, ni Imamu Abu Yusuf (Rahimahullah).

KUZALIWA NA KUTAFUTA ELIMU

Jina lake ni Yaakub bin Ibrahim Al-Ansari. Alizaliwa katika mji wa Kufa, Iraq, mwaka 113 Hijria (731 Miladia), katika ukoo unaotokana na Maanswari wa Madina. Nyumba yao ilikuwa ya kimaskini. Inasimuliwa kuwa jamaa zake walimtoa darasani ili akatafute riziki, na Imamu Abu Hanifa alipoona nafasi yake i tupu, alimuulizia, akampa fedha za kujikimu, akamtaka asiache kuhudhuria. Kila fedha zilipomwishia alipewa nyingine, bila ya yeye kuomba.

Mwalimu wake huyo alitakiwa na Khalifa Al-Mansur awe kadhi, akakataa. Kwa ajili hiyo alipigwa na kufungwa, na wapokezi wengi wanasema alifariki mwaka 150 Hijria (767 Miladia) akiwa kifungoni Baghdad. Kwa hiyo habari za gereza Abu Yusuf hakuzisikia kwa mbali. Zilimfika mwalimu wake mwenyewe.

KADHI MKUU

Abu Yusuf yeye aliukubali ukadhi. Alihukumu katika zama za makhalifa watatu: Al-Mahdi, Al-Hadi na Harun Al-Rashid. Ndiye wa kwanza kuitwa Kadhi wa Makadhi. Wapo waliomlaumu kwa kukaa karibu na watawala. Sisi tutazame alilolifanya alipokuwa karibu nao.

KITABU CHA KHARAJ

Khalifa Harun alimtaka amwandikie kitabu cha kumwongoza katika kodi za ardhi na mali za umma. Ndipo akaandika Kitabul Kharaj. Humo alikataza mkulima asipigwe wala asisimamishwe juani kwa sababu ya kodi. Kisha akaingia katika mambo ya wahalifu na wafungwa, na haya ni baadhi ya aliyoyaandika.

Kwanza, mtu asifungwe kwa tuhuma tupu. Mdai na mdaiwa wakutanishwe. Ukiwepo ushahidi, hukumu ipite. Usipokuwepo, mtuhumiwa aachiliwe kwa mdhamini.

Pili, kukiri kwa aliyepigwa si hoja. Alitegemea mapokezi ya Sayyidna Umar (Radhiyallahu anhu) kwamba mtu aliyetiwa njaa, khofu au kifungo hawezi kuaminiwa kwa anayoyasema dhidi ya nafsi yake. Mwili wa mtu una heshima, na haupigwi ila kwa haki iliyothibiti.

Tatu, mfungwa asiye na kitu alishwe kutoka Baitul Mal. Katika zama zake wafungwa walikuwa wakitolewa nje na minyororo yao waombe watu sadaka, naye akataka aibu hiyo ikome. Alipendekeza kila mmoja apewe dirhamu 10 kwa mwezi. Tazameni alivyokuwa makini: alisema wapewe fedha wala si mkate, kwani mkate utaliwa na walinzi. Akataka mtu mwema ayaandike majina yao katika daftari, na kila mwezi amwite mmoja mmoja na kumpa mkononi. Akataja na nguo zao, za baridi na za joto, za wanaume na za wanawake.

Nne, mfungwa akifa bila jamaa, aoshwe, avishwe sanda kwa mali ya umma na aswaliwe. Alikuwa amepata habari kwamba maiti wa kigeni hukaa gerezani siku moja au mbili, mpaka wafungwa wenzake wachangishane ujira wa kumpeleka makaburini, kisha huzikwa bila kuoshwa, bila sanda wala swala.

Tano, kesi zao zitazamwe mara kwa mara. Aliona magereza yamejaa kwa sababu watu hufungwa kisha husahauliwa. Hakutaka mhalifu aachwe. Aliyethibitikiwa na kosa alitaka hukumu yake itimizwe. Asiye na kesi aende zake.

KUFARIKI KWAKE

Alifariki Baghdad mwaka 182 Hijria (798 Miladia). Inasimuliwa kuwa alipokaribia kufa alihuzunika kwa kesi moja kati ya Mkristo na Khalifa Harun. Hakuweza kuwakalisha mahali sawa mbele yake, akaogopa kuulizwa hilo na Mola wake.

MAFUNZO KWETU

Sisi wa pwani hii wengi ni Mashafii, na jina la Abu Yusuf hatulisikii sana. Tukumbuke kuwa Imamu Shafii alisoma kwa Muhammad bin Al-Hasan, naye alikuwa mwanafunzi wa Abu Hanifa na wa Abu Yusuf. Elimu yake imetufikia hata sisi.

Mwenzio akipotelewa na kalamu darasani, usimtaje mtu kwa kudhania. Na ukijaaliwa kesho kuwa kadhi, wakili, askari au kiongozi, mkumbuke yule asiye na jamaa wa kumletea chakula.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Abu Yusuf, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.