Booker T. Washington: Mtumwa Aliyewafungulia Maskini Chuo cha Ufundi

Mwaka wa 1861, katika jimbo la Virginia huko Marekani, alifariki mwenye shamba moja la tumbaku jina lake James Burroughs. Kama ilivyo desturi, mali yake ikaorodheshwa na kutiwa thamani. Katika orodha hiyo, pamoja na wanyama na vyombo vya shamba, liko jina la mtoto aitwaye Booker, naye ametiwa bei ya dola 400. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka mitano. Ndiye aliyekuja kuwa Booker T. Washington, mtu ambaye marais walimwita kwa mashauri na ambaye jina lake lilifika hadi kwetu Afrika ya Mashariki miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Mamake, Bi Jane, alikuwa mpishi wa shamba. Babake alikuwa mzungu ambaye Booker hakupata kumjua. Alilala sakafuni juu ya matambara, katika kibanda ambacho ndicho kilichokuwa jiko la shamba. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kumchukulia vitabu binti wa bwana wake mpaka mlangoni mwa skuli, kisha arudi. Kuingia ndani ilikuwa mwiko kwa mtumwa. Aliwaona watoto wenziwe wamekaa wakisoma, na tangu siku hiyo ikamkaa moyoni kuwa kuingia mle ni sawa na kuingia peponi.

Uhuru ulipokuja 1865, mamake aliwachukua watoto wakamfuata mumewe katika kijiji cha Malden, West Virginia, palipokuwa na matanuri ya chumvi. Booker akatiwa kazini angali mdogo. Mapipa ya babake wa kambo yalipigwa alama ya nambari 18, na hiyo 18 ndiyo iliyokuwa alifu yake. Aliijua kabla hajajua harufi yoyote. Skuli ilipofunguliwa hapo kijijini, babake wa kambo hakutaka kuukosa ujira wa mtoto. Wakakubaliana kuwa afanye kazi alfajiri mpaka saa tatu, ndipo aende kusoma.

Baadaye alishushwa migodini kuchimba makaa. Humo gizani alisikia wachimbaji wawili wakizungumza juu ya skuli moja iitwayo Hampton, ambayo mtu mweusi asiye na kitu aweza kusoma na kulipa kwa kazi ya mikono yake. Hakujua iko upande gani. Mwaka wa 1872, akiwa kijana wa miaka kumi na sita, alifunga safari ya maili 500 hivi, nyingine kwa gari na nyingi kwa miguu. Alipofika mji wa Richmond fedha zilikuwa zimemwishia. Akalala chini ya njia ya mbao wapitayo watu, na mchana akashusha vyuma melini ili apate chakula. Alifika Hampton na senti 50 mfukoni, nguo zimechakaa na mwili umejaa vumbi, hata mwalimu aliyempokea akasita. Saa zikapita. Mwisho mwalimu akampa ufagio asafishe chumba cha darasa. Booker alikifagia mara tatu na kukipangusa vumbi mara nne. Mwalimu akapitisha leso yake mezani na ukutani asipate hata chembe. Hakuna mtihani mwingine aliotahiniwa.

Hampton ilianzishwa na Jenerali Samuel Armstrong baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Booker alilipia chakula na malazi kwa kufagia vyumba na kuwasha moto asubuhi, akahitimu 1875. Alifundisha kwao Malden, kisha 1879 akaitwa kurudi Hampton kuwa mwalimu. Huko alipewa darasa la usiku la vijana wasiokuwa na uwezo hata kidogo, ambao mchana kutwa wakifanya kazi, na usiku wakisoma kwa saa mbili. Jambo hilo alilichukua akaenda nalo.

Katika mji mdogo wa Tuskegee, jimbo la Alabama, alikuwako mzee mmoja aitwaye Lewis Adams. Naye alikuwa mtumwa zamani, fundi wa kufua bati, kushona viatu na kutengeneza matandiko ya farasi. Wakati huo watu weusi wa huko walikuwa wangali wakipiga kura. Mgombea mmoja mzungu alipomwendea kutaka kura za watu wake, Mzee Adams akamtaka naye awaletee skuli. Baraza la jimbo likakubali kutoa dola 2,000 kwa mwaka za mishahara ya walimu. Ardhi haikutolewa, wala nyumba, wala hata ubao mmoja wa kuandikia. Washington alipofika Juni 1881, akiwa na miaka 25, alikuta kwamba aliitwa kuongoza chuo kisichokuwako.

Alianza tarehe 4 Julai 1881 na wanafunzi 30 katika kibanda kibovu kando ya kanisa. Mvua ikinyesha, mwanafunzi mmoja huinuka akamshikia mwalimu mwavuli. Baada ya muda akalipata shamba lililohamwa la ekari 100 hivi kwa dola 500, na nusu ya fedha hizo alikopeshwa na mweka hazina wa Hampton kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Banda la farasi na banda la kuku yakageuzwa madarasa. Bi Olivia Davidson, mwalimu aliyekuja kumsaidia na ambaye baadaye alimwoa, alizunguka nyumba kwa nyumba akichanga fedha, kwa weupe na kwa weusi.

Basi ikaja habari ya matofali, nami sioni habari katika maisha ya mtu huyu iliyo kubwa kuliko hiyo. Mji ule haukuwa na tanuri la matofali. Washington akaona kuwa chuo kinahitaji majumba, watu wa mji wanahitaji matofali, na vijana wanahitaji ufundi. Haja tatu, dawa moja. Waliingia matopeni hadi magotini. Kuna wanafunzi walioondoka kwa kuona kuwa hawakuacha utumwa ili waje wakanyage udongo. Walipofyatua matofali yapata 25,000 na kuyachoma, tanuri likaharibika kwa kuwa halikupangwa vyema. La pili likaharibika. La tatu likaanguka saa chache kabla ya kukamilika. Walimu wakamshauri aache, na fedha hazikuwako tena. Akachukua saa yake akaenda nayo mji wa Montgomery akaiweka rehani kwa dola 15. Tanuri la nne likaiva. Saa yenyewe haikurudi, kwani muda wa rehani ulipita hana cha kuikomboa. Lakini mwanzoni mwa karne ya ishirini chuo kile kilikuwa kikitoa matofali zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na wazungu waliokuwa hawataki kukisikia wakaja kununua, kwa kuwa yalikuwa matofali mazuri.

Wazazi wengi walimlalamikia. Walitaka watoto wao wapewe vitabu, vikubwa na vyenye majina marefu, si majembe. Wasomaji wetu wa pwani hawana haja ya kufasiriwa jambo hilo. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria Unguja 1897 na katika mwambao wa Kenya 1907, lakini ile fikira kuwa kazi ya mikono ni ya mtwana na uungwana ni kukaa barazani haikufutwa na sheria yoyote. Wako mpaka leo wanaoona haya kumpeleka mwana kujifunza uashi, na hali mwana mwenyewe amekaa miaka minne kwa kukosa kazi. Nabii Nuhu alichonga jahazi, Nabii Daudi alilainishiwa chuma akafuma deraya, na Nabii Zakaria alikuwa seremala. Haya twayasoma chuoni tungali watoto.

Washington aliweka sharti kuwa kila mwanafunzi, awe na karo au asiwe nayo, lazima afanye kazi kwa mikono. Yule ambaye hana kitu kabisa aliingia darasa la usiku. Mchana alikuwa katika karakana ya useremala, uhunzi, uashi au uchapaji, au shambani, na ujira wake ukawekwa akiba chuoni, ili baadaye umlipie masomo ya mchana. Hivyo umaskini haukuwa kizuizi cha kumrudisha mtu mlangoni. Wasichana walifundishwa kushona, kupika na kufua, na pia kutengeneza magodoro, kufuga kuku na nyuki na kulima bustani.

Mwaka wa 1896 alimwajiri George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo aliyezaliwa utumwani kama yeye. Lakini walibaki wakulima ambao hata kuja chuoni hawakuweza. Ndipo 1906 likaundwa gari la kukokotwa na wanyama, limepakiwa majembe, mbegu na vyombo vya kusukia maziwa, likawa linawafuata huko huko mashambani kuwafundisha.

Si kila mtu aliyempenda. Katika hotuba yake ya mjini Atlanta mwaka 1895 aliwashauri watu wake washike kazi na mali kwanza, na haki za siasa na usawa zitakuja baadaye. Wazungu walimpigia makofi mno, na hapo ndipo penye shaka. W. E. B. Du Bois, mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa Harvard, alimkosoa vikali katika kitabu chake cha 1903. Nami kwa maoni yangu Du Bois alikuwa na haki kubwa katika shutuma hiyo. Mwaka wa 1901 katiba mpya ya Alabama iliwanyang'anya weusi kura, na kura ndiyo iliyoileta Tuskegee. Fundi asiye na kura aweza kubomolewa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Hata hivyo, karatasi alizoziacha Washington zilionyesha baada ya kufa kwake kuwa alikuwa akitoa fedha kwa siri kugharimia kesi za kupinga sheria hizo. Hadharani alinyamaza. Kama ilikuwa hekima au hofu, Mungu ndiye ajuaye.

Novemba 1915 alishikwa na maradhi mazito akiwa New York. Akataka arudishwe kusini afie kwao. Alifika Tuskegee usiku, akafariki kulipopambazuka, tarehe 14, umri wake miaka 59. Aliacha chuo chenye majumba zaidi ya 100, mengi yamejengwa na wanafunzi, na wanafunzi wapatao 1,500. Kaburi lake lilijengwa kwa matofali yaliyofanywa na wanafunzi.

Athari yake ilivuka bahari. John Dube alianzisha skuli ya namna hiyo Natal 1901. Mwaka 1921 Harry Thuku aliandika barua Tuskegee kutaka msaada ili Kenya nayo ipate chuo kama kile. Mwaka 1924 ujumbe wa wakfu wa Phelps-Stokes, ambamo alikuwamo Dakta James Aggrey wa Gold Coast, ulizuru Kenya, na mwaka uliofuata ikafunguliwa skuli ya Jeanes, Kabete. Ila wakoloni walichukua nusu tu ya somo. Walipenda habari ya jembe na nyundo, wakaiacha habari ya kuwa Tuskegee ilisimamiwa na kufundishwa na weusi wenyewe. Kabete mkuu wa skuli alikuwa mzungu.

Mombasa ilingoja mpaka 1948, kilipoasisiwa chuo cha ufundi kwa ajili ya Waislamu wa Afrika ya Mashariki waliokuwa wameachwa nyuma katika elimu, kwa michango ya Seyyid Khalifa bin Harub wa Unguja, Aga Khan, jamaa za Mabohora na serikali ya Kiingereza. Mwaka 1966 kilifunguliwa kwa wanafunzi wa dini zote, na tangu 2013 ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor.