Maisha ya John Harrison (1693–1776), Fundi Saa

John Harrison alizaliwa mwaka 1693 huko Foulby, Uingereza, mwana wa seremala. Alikulia Barrow upon Humber, akaongoza kwaya ya kanisa na kurekebisha sauti za kengele zake. Yapata mwaka 1722 alitengeneza saa ya mnara ulio juu ya mazizi ya farasi ya Brocklesby Park. Siku zile mafuta ya mitambo yaliganda kwa baridi, saa zikapoteza majira. Harrison akatumia mti mgumu wenye mafuta yake ndani, hata mitambo isihitaji kupakwa mengine. Baadaye saa zake za baharini zilimpatia sifa kuu. Alifariki London mwaka 1776. Saa ya mnarani imedumu ikifanya kazi hata karne hii ya 21, tunda la utumishi mwaminifu.