Mtemi Isike wa Unyanyembe: Aliyechagua Baruti Kuliko Pingu

Mtemi Isike ni miongoni mwa watawala wa jadi waliopinga kwa silaha kuingia kwa Wajerumani katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Aliitawala Unyanyembe, katika eneo la Tabora ya leo, kuanzia mwaka 1876 alipomrithi Mtemi Mkasiwa, hadi Januari 1893 ngome yake ilipoteketea.

Unyanyembe ilikuwa kitovu cha njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa walipelekwa pwani. Nguo, shanga, bunduki na baruti zikaletwa bara. Wengi wa wapagazi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulilipa hongo, yaani ushuru wa njia, na mapato hayo pamoja na biashara ya pembe ndiyo yaliyompa Isike uwezo wa kujaza silaha katika ghala lake.

Mwaka 1890 Emin Pasha alipandisha bendera ya Ujerumani mjini Tabora, na wafanyabiashara Waarabu wa mji huo wakaikubali. Kwa Isike, suala lilikuwa nani mwenye mamlaka juu ya njia. Wajerumani walitaka misafara ipite chini ya ulinzi wao. Yeye hakuwa tayari kuacha haki iliyoutegemeza utemi wake.

Mapigano yakafuata. Mwaka 1892 majeshi ya Wajerumani yaliishambulia ngome yake ya Kwikuru, karibu na mji wa Tabora, lakini kuta zake imara na bunduki za walinzi ziliwazuia kuiteka. Januari 1893 Luteni Tom von Prince aliongoza shambulio jipya. Safari hii askari walifanikiwa kupenya ndani ya boma.

Isike alipoona kwamba ngome imeanguka, aliingia katika ghala la baruti pamoja na watu wa familia yake, akaliwasha moto. Mlipuko uliwaua waliokuwa karibu naye, lakini yeye mwenyewe hakufa papo hapo. Askari walimtoa akiwa mahututi, na von Prince akaamuru anyongwe. Baruti iliyoletwa na misafara ikawa silaha yake ya mwisho.

Wajerumani walimtawaza Nyaso, mwanamke wa ukoo wa kitemi aliyekuwa upande wao. Mwaka 1912 reli ya kati ilifika Tabora, na zama za misafara ya wapagazi katika njia hiyo zikafikia ukingoni.

Utemi wa Unyanyembe haukufa pamoja na Isike. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Abdallah Fundikira, aliyekuwa mtemi wa Unyanyembe, alikuwa mmoja wa mawaziri wa Serikali ya kwanza ya nchi huru.